Nyumbu Alivyomfukuza Mla Mabua

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa gani hiyo ya kunung'unika? Kaeni vizuri. Leo nasimulia nikiwa na hasira, na mkinisikiliza mtajua kwa nini.

Hapo zamani za kale, wanyama wala nyasi walikuwa na utaratibu wao mbugani. Pundamilia alitangulia, akala mabua magumu ya juu. Nyumbu akafuata, akala majani ya katikati. Swala akaja mwisho, akala machipukizi ya chini. Nyasi zikabaki fupi, Simba akakosa pa kujificha.

Siku moja Nyumbu akavimba kichwa. Akauliza kwa nini yeye, bwana mkubwa, atanguliwe na mla makapi. Akamtukana Pundamilia mbele ya watoto wake, akamsukuma kwa pembe, akamfukuza. Pundamilia akakusanya watoto wake, akavuka mto.

Swala alikuwa na mtoto mchanga, hata kukimbia hajui. Akamwendea Nyumbu, akamsihi amrudishe mwenzao, maana nyasi zitapanda. Nyumbu akacheka.

Mvua ikanyesha, nyasi zikafika magotini. Swala akaenda tena. Nyumbu akamwambia kwamba mfupi kama yeye hawezi kumfundisha kula.

Nyasi zikafika mabegani. Swala akaenda mara ya tatu, analia. Nyumbu alikuwa na bua limemkwama kooni, lakini kukiri hataki. Akamfukuza naye.

Jamani, kichwa kikubwa vile, ndani mna nini?

Jioni ile Simba akapita katikati ya nyasi ndefu, asionwe na mtu. Akamchukua mtoto wa Swala.

Swala alimtafuta Nyumbu, akasimama mbele ya pembe zake.

"Simba amekula tu," akasema. "Aliyemwandalia ni wewe."

Nyumbu akainamisha kichwa. Akavuka mto, akamwomba radhi Pundamilia mbele ya watoto wale wale.

"Narudi kwa ajili ya Swala," Pundamilia akamjibu. "Wewe utakaa nyuma yangu."

Nyasi zikawa fupi tena. Mtoto hakurudi.

Basi nanyi, mkimwona mtu anafanya kazi mnayoiona duni, fungeni midomo yenu. Hamjui anawakinga na nini.

Nyumbu hadi leo hutembea kichwa chini, na Swala akimwona humgeuzia mkia. Msiniulize kama alimsamehe.

Hadithi naitua hapa. Mwenye mabega aibebe, mimi imenichosha.