Jina la Mjukuu wa Kabula

Hapo zamani, si zamani sana, mimi nikiwa bado na nywele za kuchana, mama mmoja aitwaye Kabula alikaa mwaka mzima mjini akitibiwa kansa ya titi. Dawa yake ilikuwa kaidi: ukiitia majini inazama kama mchanga, haiyeyuki ng'o. Ikabidi ichanganywe na kimiminika kikali, aingiziwe kwa dripu kila wiki. Na kwao ni safari ya siku mbili. Aende arudi vipi?

Kabula hakulilia kupona, alililia kwao. Alililia matobolwa, viazi vikavu vya nyumbani. Alimlilia mkamwana wake mjamzito. "Nani atampokea mjukuu wangu?"

Mfamasia Sihaba akasikia. Akapika kimiminika kipya: kinaiyeyusha ile kaidi, kinapita kwenye sindano, na kikikutana na maji ya mwilini kinaganda, donge dogo chini ya ngozi, linaachia dawa kidogo kidogo miezi mitatu.

Nani aanze?

"Nianze mimi," akasema Nyamizi wa kitanda cha jirani. "Na mimi nina kwetu."

Akachomwa. Donge likaachia dawa yote siku moja. Akatapika siku tisa. Sihaba akaliona kosa, akaukaza mchanganyiko. Kabula akachomwa tumboni, donge likatulia, akapanda basi. Nyamizi, mwili umechoka, akabaki kitandani.

Kufika, majirani wakaona uvimbe tumboni. Uvimbe kwao dawa yake ni kukandwa kwa maji ya moto! Na mkandaji wa kijiji alikuwa wifi yake, Milembe. Kabula akamweleza: hili ni donge la dawa, likikandwa litamwaga dawa yote. Milembe akakunja mikono, akakaa mlangoni miezi mitatu.

"Mwenye kitambaa cha moto arudi nacho!"

Hata mimi nilifukuzwa, na nilikuwa nimeleta ndizi.

Mjukuu akazaliwa mikononi mwa Kabula. Wa kike. "Mama," mwanawe akasema, "jina ni lako kutoa." Wakapiga simu wodini, sauti juu, tusikie sote.

"Mama Kabula," akasema Sihaba, "sina mtoto. Miaka kumi na moja nimelea chupa. Bila mimi ungekuwa hapa bado. Mpe langu."

"Chupa!" Milembe akacheka. "Wifi, mikono hii imekanda hata ng'ombe wa mwenyekiti. Kwako tu niliizuia. Bila mimi je?"

Kisha simuni sauti ndogo: "Dada Kabula, huyo ni jogoo anawika?"

"Ni jogoo, Nyamizi."

"Mwache awike kidogo." Tukamwacha. "Dada, mimi nilitapika ili wewe usitapike. Nisipofika kwetu, basi jina langu likae mahali penye jogoo."

Kabula akanigeukia. "Wewe uliyetembea nchi saba, sema."

Nikajaza matobolwa mdomoni. Hadi leo sijameza.

Mtoto analia, jina ni moja tu. Haya, nyie mlioketi: je, ni la nani?