Kamera ya Nyumbani

Kaeni. Kaeni tafadhali, na wale wa nje waambieni waingie, picha zitapigwa baadaye. Mimi mwenyewe leo nimeingia kanisani humu mara mbili. Mnacheka? Niliingia vizuri na wazee wangu wa kanisa, tukafika mbele, nikageuka niwasalimu, mpiga picha akanijia mbio: "Mchungaji, samahani, nilisahau kutoa kifuniko cha lenzi. Naomba mrudi nje muingie tena." Na kwa kuwa ni siku ya kipaimara, na wazazi mmetumia nguvu, na mimi sitaki ugomvi, nikarudi nje. Wazee nao wakarudi. Kuingia kwa pili tulitembea kwa madaha kuliko kwa kwanza, na mzee wetu mmoja, simtaji, alikuwa ameshafunga vifungo vya koti.

Sasa kwa vile mmenikera tangu mlangoni, hotuba niliyoiandaa naiweka pembeni kidogo. Nitawapa mfano. Msianze kuulizana ni wa mtaa gani huyu ninayemsema. Ni wa kutunga. Lakini mtamfahamu tu.

Kulikuwa na mpiga picha mmoja katika mji mdogo, mji wa kiasi cha huu wetu. Alikuwa na kamera kubwa, lenzi yake ndefu kama chupa ya chai. Harusi ni yeye, kipaimara ni yeye, mahafali ni yeye, na msiba ukitokea aliitwa kabla sanduku halijanunuliwa. Nyumba gani pale mjini haikuwa na picha yake ukutani? Ilikuwepo moja. Ya kwake mwenyewe.

Nyumbani alikuwa na mkewe, watoto wake, na mama yake mzazi, mjane. Siku moja mkewe akamwambia, "Hivi wewe, watu wote wa mji huu umewatundika ukutani. Sisi tumekukosea nini?"

Maneno yale yakamwingia. Akatafuta kamera ya pili, ndogo, ya kuingia kwenye mfuko wa shati. Akaileta nyumbani akawakusanya wote. "Ile kubwa ni ya watu," akasema. "Hii ni yenu. Nitawapiga mlivyo. Mke wangu akisukuma chapati, watoto wakioga kwenye beseni, mama akichambua maharage. Siku za kawaida tu, bila shughuli."

Nia nzuri, au siyo? Nzuri kabisa. Nami namsifu. Naona vijana huko nyuma mnanong'onezana kwamba si angetumia simu. Simu yake ilikuwa ya tochi, ya kupokelea wateja. Tuendelee.

Kesho yake akatoka uani na kamera yake ndogo. Mama amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, kanga imefungwa kifuani, anachambua maharage huku anacheka peke yake kwa jambo analolijua mwenyewe. Mnawajua mama zenu wakicheka vile. Mwanawe akainua kamera.

"We! Weka chini hiyo!" mama akapiga kelele. "Unataka kunipiga na kanga ya jikoni? Watu waseme mwanangu hanivishi?"

"Mama, hii si ya watu. Ni ya hapa hapa nyumbani."

"Picha ni picha. Subiri nivae."

Hapo sasa! Hapo ndipo ninapotaka kumshika shati yule bwana. Kidole kiko kwenye kitufe. Mama yuko mbele yake, kicheko bado hakijamtoka usoni. Bonyeza, mwanaume! Hakubonyeza. Akashusha mkono, akasema, "Haya mama, kavae." Kwa nini? Kwa sababu na yeye alipoitazama ile kanga kwa jicho la kazi, aliona kweli imefifia.

Mama akaingia ndani, akatoka na gauni la kitenge, viatu vya kanisani, na mkoba. Mkoba, jamani! Uani kwake! Alikuwa anasafiri kwenda wapi? Mke naye akaona asipitwe, akakimbia kwa jirani kuazima wigi. Watoto wakapakwa mafuta mpaka paji la uso linang'aa. Wakahamia sebuleni, vitambaa vya makochi vikanyooshwa, ua la plastiki likafutwa vumbi likawekwa mezani. Wakakaa mikono magotini, hakuna anayecheka, utadhani wanasubiri kusomewa hukumu. Mpiga picha akachungulia, akaona watu waliopangika vizuri namna ile, kamera ndogo haiwatendei haki. Akaenda kuleta ile kubwa, na stendi yake ya miguu mitatu.

Maharage hayakupikwa siku ile. Ile kamera ndogo ikarudishwa kwenye mfuko wake, mfuko ukafungwa kwenye kitambaa safi, kitambaa kikawekwa kabatini, juu kabisa, watoto wasifikie. Ikingoja siku ya kawaida iliyo nzuri.

Na ilitolewa basi? Ilitolewa, mara kadhaa. Mtoto aling'oka meno ya mbele, akawa anapiga mluzi kila akisema jina lake, nyumba nzima hoi kwa kicheko. Baba akaitoa kamera. Mkewe akasema, "Jamani, na pengo hilo? Subiri yaote." Mke alikuwa mjamzito, anatembea uani ameshika kiuno, baba akaitoa. "Nilivyovimba hivi? Subiri nijifungue." Mama alikaa kizingitini na shoga yake wakigombea muwa. Baba akainua kamera. "Subiri kwanza tuoshe midomo." Wakaenda kuosha midomo, shoga akakumbuka ameacha sufuria motoni, akaondoka. Meno yaliota. Mtoto alizaliwa. Yule shoga alihamia kwa binti yake, mji mwingine. Hakuna picha hata moja.

Mnaniangalia kama vile namsema mtu mwingine.

Haya. Siku zikaenda, yule mama akaanza kusahau. Mwanzo alisahau sufuria motoni, na nani kati yetu hajasahau sufuria? Halafu akasahau majina ya wajukuu, akawa anawaita wote "wewe mtoto". Halafu akamsahau mkwewe. Mwisho akamsahau mwanawe. Na si kwamba alimtukana au alimfukuza. Afadhali angemfukuza. Alimheshimu! Kila jioni alikuwa anafunga vitu vyake kwenye kanga, anasimama mlangoni, anamwambia mwanawe wa kumzaa, "Haya, asanteni sana kwa ukarimu wenu. Acha niende, mwanangu ananingoja nyumbani." Na akizuiwa, analia. Yule bwana akawa anazuia mlango wa nyumba yake huku mama yake anamwomba kwa adabu amruhusu aende kwa mwanawe.

Alitaka nini yule bwana? Kitu kimoja tu. Mama amwangalie usoni, amwite mwanangu, hata mara moja kabla hajafa.

Akampeleka zahanati. Muuguzi akamsikiliza, akasema, "Dawa ya kumrudisha alivyokuwa sina, kaka yangu. Lakini wengine hutulia wakionyeshwa picha za nyumbani. Na mara moja moja, akiona kitu alichokizoea, anakumbuka. Mna picha?"

Yule bwana alitaka kucheka. Picha! Yeye! Aulizwe kama ana picha! Akarudi nyumbani mbio, akashusha albamu zote, albamu nzito za jalada la ngozi, akamketisha mama kwenye kochi, akafungua ya kwanza.

"Harusi ya nani hii?" mama akauliza.

"Yangu, mama. Mimi na mke wangu huyu hapa."

"Hongera. Mmependeza," mama akasema, kama anavyosema mtu aliyealikwa kwa kadi.

Akafunua nyingine, ile ya sebuleni. Mama akajiangalia mwenyewe, na gauni lake la kitenge na mkoba wake mapajani. Akamwonea huruma. "Mama huyu mbona amenuna? Ana kesi?" Akawaangalia wajukuu wanaong'aa mafuta, akapita. Akamwangalia mkwewe na wigi la jirani, akapita. Yule bwana anafunua ukurasa baada ya ukurasa. Mahafali. Kipaimara. Krismasi. Mama anasifia nguo tu.

Mwishoni akafika kwenye picha ya mwanawe peke yake, amevaa suti, tai imekazwa, kidevu kimeinuliwa. Mama akaweka kidole juu yake. Mwanawe akainama amsikie.

"Huyu anaonekana mtu mkubwa," mama akasema. "Mama yake bado yuko?"

"Yuko, mama."

"Basi mwambie amwendee. Wakishakuwa wakubwa hivi, huwa wanasahau."

Ndugu zangu, nyie mngefanya nini? Yule bwana aliinuka akaenda kabatini. Akaishusha ile kamera ndogo, akalifungua fundo la kile kitambaa kwa meno, akatia betri mpya, akarudi sebuleni. Mama amekaa vile vile. Nywele hazijasukwa, kanga ya jikoni imefungwa kifuani, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna. Kamera ikainuliwa. Na yule bwana akangoja. Akangoja lile neno lililokuwa linamkera miaka yote, subiri nivae, maana angelisikia angejua mama yake bado yumo mle ndani.

Mama akaitazama lenzi kwa upole, akasema, "Piga tu, baba. Mimi si wa hapa."

Akapiga.

Sasa tuambiane ukweli, na leo sina hamu ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Sisi tuna nini? Sisi tuna mavazi ya kanisani, na sauti za kanisani, na majibu ya kanisani. Nikisimama pale mlangoni nikawauliza, "Habari za nyumbani?" mnanijibu nini? "Nzuri, Mchungaji, tunamshukuru Mungu." Wote! Usharika mzima! Na nyumba inaungua! Mume hajarudi tangu wiki iliyopita, nzuri tunamshukuru Mungu. Mtoto ameacha shule, nzuri tunamshukuru Mungu. Halafu mambo yakiharibika kabisa naitwa kuzika ndoa ambayo sikujua hata kama inaumwa.

Jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba zilianzishwa kwa ajili gani? Ili tuombe tulivyo, mahali tunapoishi. Ni kamera ndogo ile! Mkaifanyaje? Mkakodi viti. Mkapika pilau. Mkashona sare ya jumuiya. Na asiyeweza pilau akaanza kutoa udhuru. "Mwezi huu msije kwangu, subirini nipake rangi." "Subirini makochi yafike." Mama mmoja hapa, naye simtaji, amenizuia kwenda kumwombea mgonjwa wake kwa sababu sebule haijapigwa sakafu. Mgonjwa, jamani! Mgonjwa anaomba sakafu?

Na kwa Mungu ni vile vile. "Subiri niache pombe kwanza, ndipo nianze kusali." "Subiri hasira ipoe, nitaomba nikiwa na maneno mazuri." Nani alikwambia anataka maneno mazuri? Umemkasirikia, mwambie umemkasirikia. Una wivu na shemeji yako, mwambie hivyo hivyo, na jina la shemeji ulitaje.

Najua mnachowaza. Naona kwenye macho ya wale walimu wa shule ya Jumapili pale. Mnasema, "Mchungaji, mfano wako umepinda. Mungu si kikongwe wa kusahau. Anatujua hata tukivaa nini." Sawasawa. Hasahau. Sikusema yule mama ni Mungu. Mlidhani ni nani? Yule mama ni sisi. Sisi ndio tunaokaa kwenye kochi tunafunuliwa maisha yetu ukurasa kwa ukurasa, na yote ni suti, na yote ni kidevu juu, mpaka tunajionyesha kidole wenyewe tunauliza, huyu ni nani, mbona amenuna? Tumejificha kwa Mungu kwa muda mrefu, tukajificha kwa wake zetu na waume zetu, mwisho tumejipoteza. Halafu tunasimama mlangoni mwa nyumba zetu tunaaga, tunalia tunataka kwenda nyumbani.

Nanyi watoto wa kipaimara, mmependeza, sikatai. Lakini ahadi mnayoiweka leo ni ya Jumanne pia. Ni ya siku ambayo umepigwa, umefeli, umedanganya na hujaoga. Siku hiyo msimwambie Mungu subiri.

Mimi nimechoka kuhubiria watu waliopendeza. Nimechoka kweli, na ninawapenda, ndiyo maana nachoka. Haya, tusimame tuombe. Hapana. Hapana, mama, usiifunge upya, iache kanga ilivyo. Na wewe mzee, acha vifungo. Simameni hivyo hivyo.