Poni na Mashine ya Kufagia

Wako wageni wanaopokewa kwa nyuso zilizokunjwa, kumbe wamekuja na dawa. Poni aliyajua hayo mwaka huu, akiwa na miaka arobaini na saba.

Poni alikuwa mfagiaji katika nyumba ya wageni huko Hai Malakal, mjini Juba. Tangu arudi kutoka uhamishoni Uganda, alifagia vyumba kumi na vinne kila siku, mgongo umepinda kama upinde. Ikifika jioni, kiuno kilimwaka moto. Hakulalamika, kwani kazi hiyo ndiyo iliyowalisha wanawe, Laku na wadogo zake.

Jumatatu moja Janepher, mwenye nyumba, alileta mashine bapa kama sinia, inayofagia peke yake. Igga, mfanyabiashara wa mtaa wa Sherikat aliyeiagiza kutoka China, alikuja kuiwasha.

"Viwanda vya huko vimeelemewa na oda za nchi za nje," alijigamba. "Sasa na sisi Juba tumo!"

Mashine ikanguruma, ikatambaa chini ya vitanda. Poni akamgeukia Janepher. "Madam, na mimi je?"

"Tutaona mwisho wa mwezi, Mama Laku," Janepher alijibu bila kumtazama.

Siku nne Poni alitandika vitanda tu, akiifuata mashine kwa jicho la husuda. Lakini jambo moja hakuweza kulikana: kiuno kilinyamaza, akalala fofofo.

Siku ya tano mashine ilikwama sebuleni, ikawaka taa nyekundu. Igga aliitwa. Akaigeuza, akaitikisa, akaibonyeza; wapi! Janepher alikasirika. "Irudishe dukani. Nimechoka nayo."

Poni alikuwa amesimama mlangoni. Alijua kilichoikwamisha, maana kwa siku hizo zote macho yake hayakuiacha. Akinyamaza, mashine itaondoka na kazi itabaki yake. Maumivu nayo yatabaki yake. Hatimaye alipiga magoti kando ya mashine.

"Hii haikufa, Madam. Iko na nywele ndani, na turab ya Juba imejaa."

Akachomoa brashi, akakata kwa wembe nyuzi za rasta za wageni zilizojiviringisha, akakung'uta turab hiyo, vumbi jekundu. Mashine ikaamka.

Igga alipigwa na butwaa. "Mama, wateja sita wananirudishia mashine kwa tatizo hilihili! Utanisaidia?"

"Atakusaidia mchana," Janepher alidakia. "Asubuhi ni wangu." Kisha akamshika Poni bega, sauti imelainika. "Nisamehe, Mama Laku. Ningekupoteza hivihivi."

Siku hizi mashine hizo zinazidi kuagizwa, na Poni huzunguka mjini akiwafundisha wafagiaji wenzake kuzitunza. Juzi, katika ofisi moja ya mtaa wa Malakia, alimkuta mfagiaji aitwaye Nyapal akilia mbele ya boksi jipya la mashine.

"Futa machozi, dada," Poni alimwambia, akimpa bisibisi. "Hata mimi niliiogopa. Shika hapa, tuifungue pamoja."

Nyapal akashika. Ama kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.