Uzi wa Kuku Mguuni mwa Waziri

Soma mpaka mwisho, kisha umrushie yule bosi wako anayekuona si kitu. Yeye atajijua.

Katika kisiwa kimoja kidogo cha Karibi alikuwepo daktari wa mifupa, Cuthbert Laronde. Huyo bwana aliunga mifupa mpaka mbwa wa mjini wakamlalamikia, maana hakuwaachia hata kipande! Mtu aliletwa kwa toroli, akaondoka anacheza ngoma.

Alizaliwa nyuma ya banda la kuku. Mama yake, Mama Eulalie, alifuga kuku waliochanganyikana na wa majirani, kwa hiyo kila kuku wake alimfunga uzi mwekundu mguuni. Kwa mayai ya kuku hao Cuthbert alisoma, akavuka bahari mpaka nchi ya baridi, akarudi daktari bingwa.

Alirudi na vyeti, lakini uzi hakuuacha. Kabla ya sindano ya usingizi alimpa mgonjwa kipande cha uzi mwekundu na kumwambia, "Jifunge mwenyewe kwenye mguu unaouma." Kule ughaibuni wenzake walimcheka, wakamwita Dokta Kuku. Yeye akaendelea kufungisha. Miaka ishirini, hakuna aliyepasuliwa kimakosa mguu usiouma.

Siku moja akaja Waziri wa Afya, Mheshimiwa Bascombe, anachechemea kwa fimbo. Nyonga ilikuwa imemchosha. Daktari akamweleza habari ya uzi kabla hata hajampima.

"Mimi?" Waziri akafoka. "Nifungwe uzi kama kuku wa mama yako?"

"Kama kuku wa mama yangu hasa, Mheshimiwa. Hajawahi kupoteza hata mmoja."

"Unatuaibisha mbele ya wageni! Mimi naenda kutibiwa kwa wataalamu. Nikirudi, wodi yako naifunga!"

Akapanda ndege. Wodi nzima ikanywea. Wagonjwa waliokuwa wananing'iniza miguu kwenye kamba wakaulizana watakwenda wapi. Hakukuwa na wodi nyingine ya mifupa kisiwa kizima.

Siku ya tatu simu ikalia. Alikuwa Profesa Hedvig, aliyesoma naye kule kwenye baridi, na aliyemcheka kuliko wote.

"Cuthbert, nina mzee kutoka kwenu. Nyonga zote mbili zimechakaa kwa umri, lakini karatasi za ofisi yake zinasema tupasue ya kushoto. Nimempa uzi, amenitupia."

"Umempa nini?"

"Uzi! Ulidhani tulicheka tu? Hospitali yetu yote inafunga uzi siku hizi. Sasa nimwache bila uzi? Karatasi zipo."

Neno moja tu, "mwache," na mambo yangekwenda yanakokwenda. Nani angemlaumu? Daktari akawatazama wagonjwa wake, kila mmoja na uzi wake.

"Mpe simu," akasema.

Waziri akanguruma upande wa pili. "Umenifuata mpaka huku?"

"Mheshimiwa, mama yangu hafungi uzi kuku anayemdharau. Anamfunga anayemtaka arudi nyumbani. Kuku asiye na uzi ni kitoweo cha mpita njia."

Ikasikika, kwa sauti ndogo ambayo Bungeni haijawahi kusikika: "Sista, lete huo uzi."

Daktari alisubiri, simu imemganda sikioni. Akarudi Profesa, anahema.

"Cuthbert... ameufunga kulia."

Kumbe karani wa Waziri alijaza karatasi akiwa amesimama mbele ya bosi wake, uso kwa uso. Kulia kwa Waziri kulikuwa upande wa kushoto wa karani!

Mwezi haukuisha, Waziri akashuka kwenye ndege bila fimbo. Magazeti yapo, bendi ipo, Daktari yupo na mama yake. Waziri akapandisha mguu wa suruali mbele ya umati. Uzi mwekundu ulikuwa bado upo.

"Wodi haifungwi," akatangaza. "Inaongezwa vitanda arobaini. Na mimi uzi huu siukati!"

Mama Eulalie akainama, akaukagua uzi, akamtazama Waziri juu mpaka chini.

"Uzi ni wangu," akasema. "Basi na huyu ni wangu. Mpelekeni bandani."

Funzo: Usidharau alama ya mnyonge kwa sababu imetoka bandani; siku vyeo na karatasi vikikupoteza, hiyo ndiyo itakayokurudisha nyumbani mzima.