Kuni Mbili Mlangoni kwa Mzazi

Hapo kale, kabla watu wa Ikongwe hawajajua kukausha kuni, utajiri wa nyumba ulipimwa kwa moshi wake. Ikongwe ni kijiji cha juu kabisa katika milima ya Upare, mahali ambapo ukungu huingia ndani bila kupiga hodi. Kila asubuhi watu walitazama mapaa. Paa lililofuka moshi mzito lilikuwa la watu wenye bidii, lililofuka kidogo lilikuwa la wavivu, na lisilofuka kabisa lilikuwa la wafiwa, kwa maana moto ulizimwa tu nyumba inapolaza maiti.

Kwa hiyo kuni zilikatwa leo na kuchomwa leo. Walisema kuni ni kama mboga, zikilala zinaharibika. Gogo bichi lilisukumwa motoni zimazima, likatoa povu nchani na kulia kama kinda, na macho ya watu yakawa mekundu tangu utotoni. Majivu nayo yalizolewa yote kila alfajiri, kwani jiko lenye majivu lilikuwa aibu mbele ya mgeni. Watu walikohoa mwaka mzima, wakadhani kukohoa ni desturi ya milimani.

Moshi uliosifiwa kuliko wote ulikuwa wa bibi mjane aitwaye Nakiete. Mumewe, Mzee Senkondo, alipokufa aliacha kigoda cha miguu mitatu, na Nakiete akakitundika kwa kamba juu ya moto ili mtu yeyote asikikalie. Kilining'inia hapo miaka na miaka, kikala moshi mpaka kikawa cheusi kama chungu. Nakiete alikisalimu kila asubuhi kabla hajamsalimu mtu.

Mwanawe wa pekee alimwoa Namkunda, msichana wa maneno machache. Masika yalipopamba moto, Namkunda alijifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake, mdogo kiasi cha kutosha ndani ya kibuyu kilichopasuliwa. Mumewe alikuwa ameshuka tambarare kutafuta chumvi, na mito ilikuwa imejaa nyuma yake. Wanawake waliomzalisha walimpima mtoto kwa macho wakasema, "Huyu hajaiva. Asipopata joto, hataliona jua likiwaka."

Nakiete alifanya alilolijua. Alikata miti ya mvuani, akairundika jikoni mpaka moto ukakosa pa kupumulia. Moshi ulishuka hadi kitandani. Mtoto akakohoa, midomo ikaanza kubadilika rangi.

"Mama, moshi unambana," Namkunda alisema.

"Moshi ndio joto lenyewe, mwanangu. Umeona wapi moto usiotoa moshi? Kwenu mlikuwa mnaota mbalamwezi?"

Akachukua panga lake akarudi msituni kutafuta kuni zaidi.

Namkunda alibaki na lile rundo. Lilifuka, likatweta, likanyamaza. Alishika nyayo za mtoto, zilikuwa baridi kama kokoto za mtoni. Kisha mtoto akaacha kulia, na ukimya ule ulimtisha kuliko kilio. Alitazama huku na huku akitafuta cha kuchoma. Kila kitu kilikuwa na maji. Akainua macho, akakiona kigoda.

Alijua adhabu yake. Mke aliyekigusa kitu cha marehemu alirudishwa kwao mchana kweupe, watoto wakimzomea njiani. Namkunda alimlaza mtoto, akapanda juu ya kinu, akaikata kamba kwa kisu.

Kigoda kilianguka kwenye mafiga, kikalia *kang'!* Hakuwahi kusikia mti ukitoa sauti kama ile.

Aliyavuta nje magogo mabichi. Tangu ajifungue, jiko halikuwa limezolewa, maana yeye hakuweza kuinama na mavyaa wake alikuwa mbioni na kuni. Alipofukua majivu akakuta makaa mekundu yamejificha chini, yanamkodolea kama macho. Akaipasua miguu ya kigoda kwa shoka, akaiweka juu ya makaa. Ilikuwa imepinda, haikukubali kulala pamoja, na upepo ukapita katikati yake. Moto ukashika wenyewe bila kupulizwa. Ulikuwa mdogo, ungeweza kuufunika kwa ungo, lakini kuta zilianza kupata joto. Moshi ulipanda uzi mmoja mwembamba, ukapotelea darini. Namkunda akasogea na mtoto, akamweka titi mdomoni, na baada ya kitambo mtoto akanyonya.

Ndipo aliposikia kilio cha msiba kikishuka kutoka msituni. Akajiuliza, jamani, nani amefiwa na mvua hii?

Alikuwa Nakiete. Alikuwa amelitazama paa lake kutoka mlimani, akaliona halifuki. Aliangusha kuni akakimbia akipiga mayowe, na majirani wakamfuata wakiwa wameshika vichwa. Aliingia akakuta mjukuu amelala, mashavu yana joto. Kisha akatazama juu, akaiona kamba tupu.

"Nimemchoma baba mkwe," Namkunda alisema. "Kesho nirudishe kwetu, mama. Leo mwache mtoto alale."

Kikalio cha kigoda kilikuwa bado kizima kando ya mafiga. Nakiete alikiokota, akakifuta kwa kanga, akakishika muda mrefu. Angeweza kukitundika tena. Nje kikongwe mmoja aliyelowa chepechepe aliuliza, "Jamani, tunalia au hatulii? Mimi nina baridi."

"Mzee Senkondo," Nakiete alikiambia kile kikalio, "umening'inia vya kutosha. Shuka umpakate mjukuu wako."

Akaomba shoka, akakipasua mwenyewe. Aligonganisha vipande viwili, akavisikia vikilia, akavipanga motoni kwa kuachana kama alivyoona miguu imekaa. Kisha akaketi chini sakafuni, na kwa mlango wazi akawaambia majirani, "Rudini makwenu. Leteni mti wowote uliolala juu ya moto wenu." Wakaja na michi iliyovunjika na mipini ya majembe ya zamani, wakiigonganisha mlangoni ili yeye asikie ndani. Mtoto aliliona jua, akaitwa Mtoto wa Kigoda, akazaa na kuzeeka.

Na tangu siku hiyo kila nyumba ya Ikongwe ina uchaga juu ya moto, na kuni zilizopasuliwa hulala humo mpaka masika mengine. Majivu hayazolewi yote. Moshi mwingi sasa ni aibu. Anayekwenda kumwona mzazi aliyetoka kujifungua habishi hodi kwa mdomo, hugonganisha kuni mbili mlangoni. Zikilia, hufunguliwa. Zikitoa sauti ya matope, mzazi husema kutoka ndani, "Rudi nazo, bado zinakunywa." Na bibi mzaa baba, hata akiletewa kiti kizuri namna gani, siku ya kwanza ya mjukuu huketi sakafuni.