Fidia ya Mchimba Visima

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, habari za Shuraihi, mchimba visima wa upande wa Yemen, aliyetekwa safarini na watu wa Jundubu, mkuu wa kabila moja la jangwani. Ada ya Jundubu ilijulikana: mateka hukombolewa kwa ngamia wawili, ila mwenye ujuzi hakombolewi. Huyo atawatumikia mpaka kufa kwake.

Siku ya kukomboa ilipofika, mateka waliulizwa kazi zao mmoja mmoja. Mhunzi akasema yeye ni mchukuzi. Mfumaji naye, mchukuzi. Bi Lubaba, mkewe Shuraihi, alikuwa amesimama na ngamia wawili, mali yao yote.

"Na wewe?" Jundubu akamuuliza Shuraihi.

Shuraihi alimtazama mkewe. Neno moja tu lingemrudisha nyumbani.

"Mimi ni mchimba visima."

Bi Lubaba akaangua kilio, na mimi simlaumu. Jundubu akashangaa. "Ungesema uongo ungekuwa huru."

"Kwako, ewe mkuu. Kwa Mola wangu je?"

Basi akabaki. Lakini alifanya jambo ambalo mafundi wengi hatulifanyi: aliwafundisha vijana tisa wa kabila lile kuonja udongo, kupima kina na kujenga kuta, bila kuficha. Jundubu akamwambia, "Unajishusha thamani mwenyewe." Akajibu, "Nilipewa bure na Mola wangu. Nitawanyimaje?"

Mwaka wa tatu Bi Lubaba akarudi na ngamia walewale.

"Ewe mkuu, sasa unao wachimbaji tisa. Mume wangu amekuwa mtu kama watu wengine. Pokea fidia yake."

Jundubu alifikiri sana. "Shuraihi, apa kwa Mola wako. Wanajua yote unayoyajua?"

Bi Lubaba akafumba macho.

"Limebaki moja," akasema Shuraihi. "Hawajui kusikiliza ukuta kabla haujaporomoka. Hilo hufundishwa ndani ya kisima kirefu, na hiki tunachokichimba hakijafika kina hicho."

Safari hii mama yule hakulia. Akawafunga ngamia wake, akaketi mchangani. "Subhanallah. Basi nitangoja."

Akangoja siku arobaini. Siku ya arobaini, adhuhuri, Shuraihi akiwa chini na wale tisa, aliwaambia waweke masikio ukutani. Wakasikia mchanga ukitiririka nyuma ya mawe. Wakapanda kamba mbiombio, mwalimu akiwa wa mwisho, na mguu wake ulipokanyaga juu, kisima chote kikaporomoka.

Jundubu alikuja mbio. Akawahesabu vijana wake, akawahesabu tena. Kisha akaenda mwenyewe kuwafungua wale ngamia, akamtia Bi Lubaba kamba mkononi.

"Nendeni nao," akasema. "Fidia nimeshaipokea."

Ndugu zangu, ipo siri moja ya kazi yangu ambayo mpaka leo sijamfundisha mtu, nikiogopa nitakosa bei. Kila nikikumbuka kisa hiki naona haya. Mwenyezi Mungu anisamehe, na kesho asubuhi nitaanza kuifundisha.