Nailoni ya Sitati

Mkakasi ni kijaluba kilichotiwa nakshi na rangi hadi macho yanashiba. Ukikipasua, ndani ni kipande cha mti kama kuni zako za jikoni. Wahenga walituonya kwa mkakasi huo, lakini binadamu haambiliki, na mtaani Free Area, Nakuru, hakuna mbishi aliyemshinda Sitati.

Mwaka wa 2008, baada ya kibanda chao cha biashara kuteketezwa katika zile ghasia za Januari za baada ya uchaguzi, mkewe Naliaka alikubali shingo upande kuuza cherehani yake ili wanunue pikipiki. Jepkoech, mwenye hoteli ya chai mjini, alikuwa ameahidi kazi: Sitati amletee maziwa kutoka Dundori kila asubuhi. Angejaribiwa wiki moja. Akifaulu, kazi ni yake. Akishindwa, atatafutwa mwingine.

Pikipiki ilitoka dukani iking'aa, imefungwa nailoni kuanzia tangi hadi keria ya kubebea mizigo. Jasbir, muuza vipuri, aliizunguka mara moja akatikisa kichwa.

"Sitati, hizi za bei ya chini kiwanda kimebania chuma. Keria ndiyo mbaya kabisa. Toa hiyo nailoni nione walivyochomelea, halafu nikuwekee nyingine nzito."

"Nitoe nailoni?" Sitati aliruka. "Watu watajuaje ni mpya?"

"Mitungi ya maziwa haiulizi kama ni mpya!"

Ng'o! Siku hiyo hiyo Sitati alinunua honi ya muziki, taa za rangi tatu na mashada ya maua ya plastiki, vyote kwa bei iliyoipita ya ile keria nzito. Naliaka alipoyaona maua alishika kiuno.

"Baba Fancy, maua yatabeba maziwa?"

Sitati akapiga honi. Jamani! Mtu mzima, na ndevu zake, anamjibu mkewe kwa honi!

Siku sita zilipita salama, naye akazidi kuvimba kichwa. Siku ya saba, akiteremka kutoka Dundori, gurudumu la nyuma lilitumbukia shimoni. Keria ilikatika, mitungi miwili ikabingirika, vifuniko vikaruka, na maziwa yote yakaishia mtaroni. Alipoichana ile nailoni, alikuta chuma chembamba kilichoshikizwa kwa tone la kuchomelea, kikafunikwa kwa rangi. Ufa ulikuwa umeshaingia kutu. Haukuanza siku hiyo.

Simu ikalia.

"Wewe Sitati, uko wapi?" Jepkoech alifoka. "Wateja wamemaliza mandazi wakingoja chai! Kesho usijisumbue. Nimepata mtu mwenye baiskeli."

Baiskeli! Sitati aliisukuma pikipiki yake mpya hadi nyumbani kwa aibu. Naliaka aliitazama: maua yamesimama wima, taa zinametameta, nyuma hakuna kitu. Afadhali angepiga kelele.

"Cherehani yangu ilikuwa imechubuka rangi yote," alisema polepole, "na kwa miaka tisa haikuniangusha hata siku moja."

Safari hii Sitati hakuthubutu hata kuigusa ile honi. Hakika, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.